Kijerumani cha safari: majibu kwa barua za wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaojiandaa kwenda Ujerumani kwa siku chache, na zinauliza wajifunze nini na waache nini. Tumejibu tisa. Pale neno la Kijerumani linapotamkwa tofauti na linavyoandikwa, tumeweka matamshi kwa tahajia ya Kiswahili. Irabu iliyorudiwa huvutwa, na silabi ya herufi kubwa ndiyo yenye mkazo.

SWALI: Nina wiki sita kabla ya safari ya siku kumi. Kitabu nilichonunua kinaanza na jedwali la der, die, das, vijineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino, na nimekwama hapo hapo. Nianzie wapi?
*Msafiri wa mara ya kwanza*

JIBU: Funga jedwali hilo kwanza. Ukisema "das Zug" badala ya "der Zug", kila mtu atajua unazungumzia treni. Kinachowakwamisha wasafiri ni kitu kingine kabisa: wamekariri maswali mia, wanauliza vizuri, kisha jibu linakuja mbio kwa sekunde ishirini na hawaambulii chochote. Kwa hiyo jifunze kuuliza maswali ambayo majibu yake masikio yako yatayamudu.

Chukua mfano wa mtu aliyesimama mlangoni mwa treni. Akiuliza "Welcher Zug fährt nach Mainz?", yaani treni ipi inakwenda Mainz, ataletewa maelezo marefu ya njia, muda na mahali pa kubadilisha. Akiuliza "Fährt dieser Zug nach Mainz?", treni hii inakwenda Mainz, jibu ni ja (ndiyo) au nein (hapana), basi. Ukitaka bei au saa, ongeza "Können Sie das bitte aufschreiben?", tafadhali niandikie. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa kumi za kitabu chako.

Mianzo minne inatosha siku kumi: Ich möchte… (ningependa), Haben Sie…? (mnayo…?), Wo ist…? (iko wapi…?) na Kann ich…? (naweza…?). Achana na "Ich will" unapoomba kitu, maana husikika kama amri.

Tenga dakika ishirini kila siku, kwa sauti, si kwa kusoma kimoyomoyo. Wiki ya kwanza ni ya matamshi peke yake. Ya pili na ya tatu ni za namba na saa. Mbili zinazofuata ni za treni, chakula, hoteli na duka la dawa. Ya mwisho sikiliza tu: Deutsche Welle ina masomo ya bure mtandaoni kwa wanaoanza, pamoja na sauti na video.

SWALI: Natamka kila herufi kama ilivyoandikwa, lakini hata rafiki yangu anayejua Kijerumani hanielewi. Nakosea wapi?
*Msomaji anayejifundisha mwenyewe*

JIBU: Kiswahili kimekupa irabu safi, na hilo ni nusu ya kazi. Tatizo liko kwenye konsonanti na mwisho wa maneno.

Anza na mwisho. Sisi tumezoea neno kuishia na irabu, kwa hiyo ulimi huongeza irabu bila sisi kujua: Tag inakuwa "tagi", Brot inakuwa "buroti". Katika Kijerumani irabu hiyo ya ziada hubadilisha maana. Acht ni nane, achte ni ya nane. Ein na eine ni maneno mawili tofauti kisarufi. Kata neno kwenye konsonanti, ufunge mdomo hapo. Tena b, d na g zikiwa mwishoni hugeuka p, t na k: Tag ni "taak", Zug ni "tsuuk", Geld (pesa) ni "gelt".

Kisha kuna herufi zinazofanana na zetu sura, si sauti. Z ni "ts": Zimmer, chumba, ni "TSIma". S moja mbele ya irabu ni "z": Suppe ni "ZUpe". W ni "v" na v kwa kawaida ni "f": Wasser ni "VAsa", vier (nne) ni "FIIa". J ni "y". Th ni "t" tu, hivyo Apotheke ni "apoTEEke". Ng ni ile ya ng'ombe, haina g inayosikika: Eingang, mlango wa kuingilia, ni "AIN-gang'", na sauti hiyo ni ya ng ya mwisho tu, maana ya kwanza ni n ya Ein na g ya Gang. Sch ni "sh", na hapo una rafiki wa zamani, kwa kuwa neno letu shule limetoka kwa Schule. Ei husomwa "ai", ie husomwa "ii", eu husomwa "oi". Ukichanganya ei na ie utapotea kila siku.

Ch ndiyo ngumu. Baada ya a, o na u ni "kh" ya kheri, kama ilivyotamkwa na wazee: acht, noch, Buch. Baada ya i, e, ä, ö na ü ni sauti tusiyokuwa nayo. Sema "yyyy" kwa muda mrefu, ulimi ukiwa umeinuka karibu na kaakaa, kisha uzime sauti ya koo na uache pumzi ipite. Kinachobaki ndicho ch ya ich. Usiifanye "sh": Kirche ni kanisa, Kirsche ni tunda la cheri.

Kwa ü, sema "i" huku midomo imeviringwa kama unataka kusema "u", na ulimi usisogee. Kwa ö, sema "e" kwa midomo ya "o". Fanya mbele ya kioo, utaona kama midomo imelegea. Tofauti si ya urembo: schon ni tayari, schön ni nzuri, zahlen ni kulipa, na zählen, yenye ä inayosomwa kama "ee", ni kuhesabu.

La mwisho ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kijerumani aghalabu hukaza mwanzo wa neno. Fahrkarte, tiketi, ni FAAkarte. Krankenwagen, gari la wagonjwa, ni KRANkenvaagen. Ukikaza katikati, msikilizaji anatafuta neno jingine kichwani mwake.

SWALI: Namba zinanichanganya, na saa ndiyo kabisa. Niliambiwa "halb neun" nikafika nusu saa baada ya saa tatu. Kosa langu?
*Mfanyabiashara*

JIBU: Wewe ulifika saa tatu na nusu, wao walikusudia saa mbili na nusu. Halb neun ni nusu ya kuelekea saa tisa yao: tisa haijafika, imebaki nusu saa. Kwa saa zao ni 8.30, na kwa kuwa saa ya Kiswahili huhesabiwa kutoka mapambazuko, hiyo ni saa mbili na nusu. Unafanya hesabu mbili kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana watu werevu kabisa hukosea. Dawa ni kutotafsiri: saa yako ya mkononi iwe ya tarakimu, na ukisikia halb, toa moja, andika 30. Halb drei ni 2.30. Halb zwölf ni 11.30.

Viertel nach acht ni 8.15, Viertel vor acht ni 7.45. Lakini mashariki mwa Ujerumani na sehemu za kusini utasikia "viertel acht" bila nach wala vor, nayo ni 7.15, robo ya saa inayoelekea nane. "Drei viertel acht" ni 7.45. Ukiwa na shaka, rudia kwa mtindo wa ratiba za treni: "Also sieben Uhr fünfzehn?" Utajibiwa ja au nein. Ratiba hutumia saa 24, hivyo vierzehn Uhr dreißig ni saa nane na nusu mchana.

Jihadhari pia na neno Morgen, ambalo ni asubuhi na pia kesho. Kesho asubuhi ni "morgen früh".

Kwa namba, kumbuka kuwa wao husema mamoja kabla ya makumi: vierundsechzig ni "nne na sitini", 64. Anayeandika huku akisikiliza huandika 46. Usiguse karatasi mpaka "und" ipite, au andika 4 upande wa kulia na kuacha nafasi kushoto kwake. Jipime kila siku kwa namba kumi unazosomewa na mtu au simu. Ukipata kumi kwa kumi siku tatu mfululizo, uko tayari. Sikiliza mwisho: -zehn ni kumi na kitu, -zig ni makumi, na thelathini peke yake ina -ßig (ß husomwa "s"). Zwei na drei hufanana kwenye simu, kwa hiyo wengi husema "zwo" badala ya zwei.

Kwenye maandishi, 3,50 ni euro tatu na senti hamsini, na 1.000 ni elfu moja. Tarehe 03.05. ni tarehe tatu Mei. Mjerumani akiandika 1 kwa mkono huipa mkia mrefu mbele hata ifanane na 7, ilhali 7 yake hukatwa kwa mstari katikati.

SWALI: Niliulizwa kama sina mzigo, nikajibu "ja", na mhudumu akanitazama tu. Kwa nini?
*Msomaji*

JIBU: Ulijibu kwa Kiswahili kwa maneno ya Kijerumani. Sisi tukiulizwa "Huna tiketi?" husema "Ndiyo, sina", tukikubali kuwa aliyeuliza amesema kweli. Kijerumani hakina jibu hilo. "Haben Sie keine Fahrkarte?" hujibiwa "nein" kama huna, na "doch" (dokh) kama unayo. Ja hapo humwacha aliyeuliza hewani, na akiwa mkaguzi wa tiketi, hewani si mahali pazuri pa kumwacha. Zoeza "doch" mpaka itoke yenyewe: Kein Gepäck? Doch, zwei Koffer. Huna mzigo? Ninao, masanduku mawili.

SWALI: Stesheni tangazo linatoka kwenye spika, abiria wote wanahama jukwaa, mimi nabaki nimeduwaa. Nisikilize nini?
*Mwanafunzi anayesafiri likizo*

JIBU: Sikiliza vipande vitatu, vingine vipite. Tangazo huanza na namba ya treni, kisha nach na mji inakokwenda, kisha Abfahrt, muda wa kuondoka. Mradi husikii namba yako wala mji wako, tulia. Ukisikia vyako, subiri kinachofuata: "heute etwa 20 Minuten später" ni kuchelewa dakika kama ishirini, "heute von Gleis 9" ni kwamba imehamia njia namba 9, na hapo ndipo watu huanza kukimbia. Ikifika "Grund dafür ist…", sababu yake ni…, unaweza kuacha kusikiliza.

Hatari iko kwenye vitenzi vinavyogawanyika. Ausfallen ni kufutwa, lakini katika sentensi vipande vyake hutengana: "Der Zug fällt heute leider aus." Aus hiyo ya mwisho ndiyo yenye habari. Vivyo hivyo "hält heute nicht in…" ni kwamba leo haisimami mji fulani. Usitoke mbio kabla sentensi haijaisha. Ubao unasema hayo hayo kwa maandishi, na Verspätung ni ucheleweshaji.

Tazama pia namba ya behewa (Wagen) na herufi za jukwaa, Abschnitt A, B, C na kuendelea. Treni za mwendo kasi, ICE, ni ndefu sana, na baadhi hugawanywa njiani: zile zinazotoka Berlin kwenda eneo la Rhein mara nyingi hukatwa katika mji wa Hamm, nusu moja ikaelekea Köln na nyingine Düsseldorf. Aliyekaa nusu isiyo yake hufika mji mwingine akiwa na tiketi halali mkononi. Uliza ukishaingia: "Fährt dieser Zugteil nach Köln?", sehemu hii ya treni inakwenda Köln?

Tiketi za bei nafuu zina Zugbindung, yaani ni za treni iliyoandikwa tu. Ikitarajiwa kukufikisha ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, sharti hilo huondoka na unaweza kupanda nyingine. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 unastahili kurudishiwa robo ya nauli, na kwa dakika 120, nusu. Katika treni za mjini, tiketi iliyoandikwa "bitte entwerten" lazima uigonge muhuri kwenye kikasha kabla ya kupanda. Ukikamatwa nayo bila muhuri utatozwa euro 60, na kusema hukujua hakusaidii.

Usitishwe na maneno marefu. Yasome kutoka nyuma, kwa kuwa kiini kiko mwisho. Schienenersatzverkehr: Verkehr ni usafiri, Ersatz ni mbadala, Schienen ni reli. Ni mabasi yanayochukua nafasi ya treni. Kiswahili hutanguliza kiini, "usafiri mbadala wa reli", wao hukimalizia.

SWALI: Mgahawani niseme ein, eine au einen? Na ni kweli huruhusiwi kusema danke (asante) ukilipa?
*Mpenda chakula*

JIBU: Aliyezoea ngeli hawezi kushindwa na jinsia tatu. Unapoagiza, ni za kiume tu zinazobadilika, zinakuwa einen: einen Kaffee, einen Tee, einen Saft. Za kike: eine Suppe, eine Cola. Zisizo na jinsia: ein Wasser. Anza na "Ich hätte gern…" (ningependa) na umalize na bitte (tafadhali).

Ein Wasser peke yake aghalabu ni ya gesi, na hulipiwa. Ya kawaida omba "ohne Kohlensäure" au "stilles Wasser". Kwa asiyekula nguruwe, swali ni "Ist da Schweinefleisch drin?", na ukumbuke Schinken na Speck ni nguruwe pia, hata pale neno Schwein halijaandikwa. Menü ni mlo uliopangwa kwa bei moja. Orodha ya vyakula ni Speisekarte. Umeshiba? Sema "Ich bin satt." Ukisema "Ich bin voll" wataelewa umelewa.

Danke haikatazwi, ila ina mitego miwili. Ukikaribishwa kitu na kujibu danke tupu, wengi wataelewa hutaki. Sema "ja, bitte" au "nein, danke". Na ukimpa mhudumu noti ya 50 kwa bili ya 27,40 kisha ukasema danke, anaweza kudhani chenji yote umemwachia. Taja kiasi unachotaka akate: "dreißig, bitte", naye atakurudishia ishirini. "Stimmt so" ndiyo ya kumwachia chenji. Atakuuliza "Zusammen oder getrennt?", bili moja au kila mtu yake.

SWALI: Kijerumani kina shikamoo?
*Msomaji mtu mzima*

JIBU: Hakina salamu ya umri, mzee wetu, lakini kina Sie, na heshima imehifadhiwa humo. Mtu mzima usiyemjua ni Sie, awe mdogo au mkubwa kwako, na majina huja na Herr au Frau. Du ni ya watoto, ndugu na marafiki. Anayestahili kuipendekeza ni mkubwa kwa umri. Kabla ya swali lolote toa salamu, Guten Tag, au "Entschuldigung" (ent-SHUL-di-gung'), samahani, kwa mpita njia. Gute Nacht ni ya kwenda kulala tu. Jioni ukifika mahali sema Guten Abend.

SWALI: Nasafiri na mtoto mwenye pumu. Niwe na maneno gani?
*Mama*

JIBU: Mama, haya yaandike kwenye karatasi yakae pamoja na pampu yake: "Mein Kind hat Asthma" na "Mein Kind bekommt keine Luft", mtoto wangu hapati hewa. Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, polisi ni 110, na daktari wa zamu kwa jambo lisilo la hatari ni 116117. Ukipiga 112 taja kwanza mahali: mtaa, namba ya nyumba, mji. Usikate mpaka wao wamalize.

Dawa huuzwa Apotheke, yenye alama ya A kubwa nyekundu. Drogerie ni ya sabuni, nepi na vipodozi. Pampu ya pumu hutaipata huko. Usiku, mlangoni pa Apotheke iliyofungwa kuna tangazo la Notdienst linalotaja iliyo zamu. Uliza "Brauche ich ein Rezept?", nahitaji cheti cha daktari? Kipimo utakisikia hivi: einmal, zweimal, dreimal täglich ni mara moja, mbili, tatu kwa siku, vor dem Essen ni kabla ya kula, nach dem Essen ni baada. Neno Gift kwenye chupa ni sumu.

SWALI: Kijerumani hiki kitanifaa Zürich na Vienna?
*Msafiri wa nchi tatu*

JIBU: Kusema, ndiyo. Kusikia Zürich, si sana, kwa kuwa Waswisi huzungumza lahaja yao wenyewe kwa wenyewe. Omba "Können Sie bitte Hochdeutsch sprechen?", tafadhali zungumza Kijerumani sanifu, na watabadilisha. Salamu huko ni Grüezi, asante mara nyingi ni merci, tiketi ni Billett, na herufi ß haipo, huandikwa ss. Austria na jimbo la Bayern, kusini mwa Ujerumani, husema Grüß Gott. Kaskazini mwa Ujerumani utasikia Moin hata jioni. Mfuko wa dukani ni Tüte Ujerumani na Sackerl Vienna, na Januari ya Austria ni Jänner, uiangalie kwenye tarehe za tiketi. 112 hufanya kazi nchi zote tatu, ila Uswisi na Austria gari la wagonjwa lina pia namba yake, 144.